Umeme wa Pikipiki: Kiasi Chake na Hatari Zake

Pikipiki imekuwa chombo cha kazi katika kila pembe ya Kenya. Mwaka 2008 Serikali iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na katika miaka iliyofuata zilienea upesi, mijini na mashambani. Huchukua abiria hadi vijiji ambavyo gari halifiki, hupeleka maziwa na mboga sokoni, na huwafikisha wagonjwa zahanati usiku wa manane. Vijana wengi wamenunua pikipiki zao kwa mkopo, nao hulipa fedha kidogo kidogo kila siku mpaka deni liishe. Kwa watu hao, siku moja ambayo pikipiki haiwaki ni siku ya hasara.

Pamoja na pikipiki imekuja simu ya mkononi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, watu wamezoea kulipana kwa simu, na abiria humwita dereva kwa simu hiyo hiyo. Simu ikizimika, kazi imesimama. Kwa sababu hiyo madereva wengi wameongeza tundu la kuchajia simu kwenye usukani. Wengine wameongeza taa za kumulika mbali, redio, au king'ora cha kuwatisha wezi. Wakopeshaji nao mara nyingi hufunga kifaa cha kufuatilia, ili wajue pikipiki iliko.

Vitu hivi vyote vina manufaa, wala si vibaya kuwa navyo. Ubaya uko katika namna vinavyoungwa. Fundi asiyejali huchukua waya mmoja akaufunga upande wa chanya wa betri, na mwingine upande wa hasi, na mara taa inawaka. Mwenye pikipiki hufurahi, hulipa, akaenda zake. Baada ya wiki chache betri imekufa. Au usiku mmoja moshi unatoka chini ya kiti, karibu na tangi la petroli.

Mambo mawili ndiyo yaletayo hasara hiyo. La kwanza ni kutojua kiasi cha umeme ambacho pikipiki yaweza kutoa. La pili ni kuunga waya bila fyuzi. Yote mawili yaweza kuepukwa na mtu yeyote ajuaye kujumlisha na kutoa.

UMEME HUTOKA WAPI

Watu wengi hudhani ya kuwa umeme wa pikipiki hutengenezwa na betri. Sivyo. Betri ni ghala tu. Umeme wa kulijaza ghala hilo hutokana na kuzunguka kwa injini. Mwaka 1831 mtaalamu wa Uingereza, Michael Faraday, aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa mizunguko mingi, umeme hupita katika waya ule. Pikipiki ya leo hutumia jambo hilo hilo. Upande mmoja wa injini mna sumaku zinazozunguka pamoja na mhimili, na karibu nazo mna koili za waya wa shaba. Injini ikizunguka, sumaku huzunguka nayo, na umeme huzaliwa katika koili.

Umeme huo huenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi katika kila sekunde, na kwa hali hiyo haufai kuingia katika betri. Basi hupitishwa kwanza katika kifaa kidogo chenye mapezi ya kupoza joto, ambacho mafundi hukiita rektifaya. Kifaa hiki huufanya umeme uende upande mmoja tu. Tena huuzuia usipande kupita kiasi kinachofaa, yaani volti 14 na nusu hivi. Baada ya hapo ndipo umeme uingiapo katika betri na kwenda kwenye taa, honi na vitu vinginevyo.

Mkulima mwenye chemchemi na tangi la maji ataelewa upesi. Koili ni chemchemi, betri ni tangi, na nyaya ni mifereji iendayo shambani. Mifereji ikichukua maji mengi kuliko yale yanayoletwa na chemchemi, tangi litapungua mpaka likauke, hata likiwa kubwa namna gani.

VOLTI, AMPEA NA WATI

Maneno matatu yatosha kwa kazi hii. Volti ni nguvu inayosukuma umeme, kama vile tangi lililoinuliwa juu linavyosukuma maji kwa nguvu kuliko tangi lililo chini. Ampea ni wingi wa umeme unaopita katika waya, kama wingi wa maji yapitayo katika bomba. Wati ni kipimo cha kazi inayofanywa na umeme huo. Volti zikizidishwa kwa ampea, jibu ni wati. Wati zikigawanywa kwa volti, jibu ni ampea.

Pikipiki nyingi za petroli hutumia umeme wa volti 12. Basi taa ya mbele ya wati 35 huvuta ampea 3 hivi. Simu hutaka volti 5 tu, na kwa hiyo ndani ya tundu la kuchajia mna chombo kidogo cha kushusha volti 12 ziwe 5. Simu ikivuta ampea 2 kwa volti 5, hizo ni wati 10. Sehemu ndogo hupotea njiani kwa joto, na hivyo umeme unaotoka katika pikipiki ni ampea 1 hivi.

Betri nayo ina kipimo chake, nacho huandikwa ubavuni kwa herufi Ah. Betri ya Ah 5 yaweza kutoa ampea 1 kwa muda wa saa 5 hivi, kisha imekwisha. Pikipiki nyingi ndogo huwa na betri ya Ah 5 mpaka 9, hali betri ya gari dogo huwa na Ah 40 au zaidi. Kwa hiyo kitu ambacho gari hubeba bila taabu chaweza kuimaliza betri ya pikipiki kwa jioni moja.

HESABU YA MAPATO NA MATUMIZI

Chukua mfano wa pikipiki ambayo koili zake hutoa wati 100 ikiwa mwendoni. Kila aina ya pikipiki ina kiasi chake, na mara nyingi kiasi hicho kimeandikwa katika kitabu kinachouzwa pamoja nayo. Wati 100 hizo ndizo mapato.

Sasa na yahesabiwe matumizi ya usiku. Taa ya mbele ni wati 35. Taa ya nyuma ni wati 5. Taa za saa ya mwendo zikadiriwe wati 5, na umeme wa kuwashia plagi ukadiriwe wati 20. Jumla ni wati 65, na zinazobaki ni 35. Lakini hizo si za kugawa zote. Dereva akishika breki, taa ya breki huongeza wati 21. Akiwasha indiketa, taa mbili za wati 10 kila moja huongeza 20 kila zinapomulika. Tena betri yenyewe yataka kulishwa, kwa kuwa ilitoa umeme injini ilipowashwa.

Dereva huyo akiongeza tundu la kuchajia simu, wati 12 zitatoka, na 23 zitabaki. Hapo hakuna tatizo. Lakini akiongeza na taa mbili za kumulika mbali, za wati 20 kila moja, atahitaji wati 40 naye anazo 23 tu. Upungufu ni wati 17, nao utatoka katika betri. Wati 17 kwa volti 12 ni kama ampea 1 na sehemu 4 za kumi. Betri ya Ah 5 itadumu saa 3 na nusu. Akiwasha taa zote saa 1 jioni, betri itakuwa imekwisha kabla ya saa 5 usiku.

Na hesabu hiyo ni ya pikipiki inayokwenda. Injini ikinguruma polepole, kama dereva anaposimama katika msongamano wa magari Nairobi au anapongoja abiria bila kuizima, koili hutoa umeme mchache sana. Wakati huo hata matumizi ya kawaida yaweza kuzidi mapato. Dalili zake hujulikana: indiketa humulika polepole, honi hukauka sauti, taa hufifia, na kitufe cha kuwashia injini hutoa mlio wa kugonga tu.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuzima kitu kimoja ili kingine kifanye kazi. Ya pili ni kupunguza matumizi ya zamani kabla ya kuongeza mapya. Taa ya LED ya wati 12 ikifungwa mahali pa taa ya wati 35, wati 23 zimeokolewa. Lakini lazima mtu aangalie kwanza. Katika baadhi ya pikipiki ndogo taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka koili, bila kupitia betri. Taa ya namna hiyo haiwaki injini ikiwa imezimwa, na hufifia injini inapopunguza mwendo. Taa ya LED iliyotengenezwa kwa umeme wa betri ikifungwa hapo hutetemeka, au huungua. Vilevile taa kali isielekezwe juu, kwani humpofusha dereva ajaye, na yeye ndiye atakayemgonga mwenye taa hiyo.

MWIZI WA USIKU

Wako wenye pikipiki wasiowasha taa za ziada, na hata hivyo betri zao hufa. Chanzo chake mara nyingi ni kifaa kilichoungwa kwenye betri moja kwa moja, nacho huendelea kuvuta umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa. Tundu la simu lenye taa ndogo ya buluu laweza kuvuta miliampea 20, yaani sehemu 20 za ampea moja iliyogawanywa mara 1,000. Kiasi hicho chaonekana si kitu. Lakini kwa saa 24 hufika karibu nusu Ah, na kwa siku 10 hufika Ah 5. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza. Dereva aliyeugua siku kumi huirudia pikipiki yake akakuta haina umeme hata wa kuwasha indiketa.

Hasara haiishi hapo. Betri ya risasi na asidi, ambayo ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haipendi kukaa tupu. Ikikaa hivyo kwa muda mrefu, chumvi nyeupe huganda katika sahani zake za risasi, na hata ikichajiwa tena haishiki umeme kama kwanza.

Kwa hiyo tundu la simu, redio na taa za ziada viungwe mahali ambapo umeme hupita baada ya ufunguo kuzungushwa. Vikivuta umeme mwingi, visipitishwe katika swichi ya ufunguo, maana swichi hiyo ni ndogo nayo itaungua. Itumiwe rilei, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa na sumaku. Waya mwembamba wa baada ya ufunguo huiamuru rilei, na waya mnene kutoka betri hupeleka umeme kwenye taa. Ufunguo ukitolewa, kila kitu huzimika. Kifaa cha kufuatilia hakiwezi kufanywa hivyo, kwa kuwa kazi yake ni kukesha. Basi pikipiki yenye kifaa hicho isiachwe siku nyingi bila kuendeshwa au kuchajiwa betri.

FYUZI NI MLINZI WA WAYA

Betri iliyokwisha huleta hasara, lakini waya usio na fyuzi waweza kuleta moto. Fremu ya pikipiki, ambayo ni ya chuma, imeungwa na upande wa hasi wa betri. Waya wa chanya ukikwaruzwa mpaka ganda lake la plastiki likatoka, na shaba ikagusa fremu, umeme wa betri hupita hapo bila kizuizi chochote. Hata betri ndogo ya pikipiki yaweza kusukuma zaidi ya ampea 50 kwa kitambo kifupi. Waya mwembamba hauwezi kubeba kiasi hicho. Kwa sekunde chache huwa mwekundu kama kaa la moto, ganda lake huwaka, nao huziwasha nyaya zilizo jirani. Juu yake kuna kiti cha sponji na tangi la petroli.

Fyuzi ni kipande kifupi cha madini kilichokusudiwa kuyeyuka kabla waya haujapata moto. Kazi yake ni kuulinda waya. Kwa hiyo lazima ikae karibu na betri, kiasi cha shubiri moja tu kutoka chanya. Fyuzi iliyowekwa juu ya usukani, karibu na taa, haiulindi waya unaotoka betri hadi hapo. Na waya huo ndio unaopita shingoni mwa pikipiki, mahali unapopindwa kila usukani unapogeuzwa.

Tundu la simu latosha kwa fyuzi ya ampea 3. Taa mbili za wati 20 huvuta ampea 3 na sehemu kidogo, nazo zatosha kwa fyuzi ya ampea 5. Fyuzi bapa za plastiki hujulikana kwa rangi pia: ya ampea 10 ni nyekundu, ya 15 ni buluu, ya 20 ni manjano, ya 30 ni kijani. Lakini ni vizuri kusoma tarakimu iliyoandikwa juu yake.

Fyuzi ikikatika, imetoa habari kwamba kuna kasoro. Wako watu ambao huweka mahali pake karatasi ya fedha ya sigara, au kipande cha waya, au fyuzi kubwa zaidi, ili safari iendelee. Mtu wa namna hiyo amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NAMNA YA KUUNGA VYEMA

Kwanza, ufunguo utolewe, kisha waya wa hasi wa betri ufunguliwe kabla ya ule wa chanya. Sababu yake ni hii: spana ikigusa fremu wakati wa kufungua chanya, na hasi bado imefungwa, cheche kubwa itatokea. Wakati wa kurudisha, chanya hufungwa kwanza na hasi mwisho.

Pili, uchaguliwe waya wa nyuzi nyingi nyembamba za shaba, si waya mgumu wa nyumbani, kwa maana mtetemo wa injini huukata ule mgumu. Kwa tundu la simu yatosha milimita mraba 0.75; kwa taa, milimita mraba 1.5.

Tatu, viungo visisokotwe kwa vidole na kufunikwa kwa tepu tu. Tepu huachia kwa joto na mvua, na kiungo kilicholegea hupata moto. Vikazwe kwa vibanio vyake au vilehemiwe, kisha vifunikwe kwa mrija wa plastiki unaojikaza kwa joto.

Nne, waya upitishwe mbali na bomba la moshi na mbali na ncha kali za chuma, nao ufungwe kila baada ya shubiri moja. Shingoni mwa usukani uachwe ulegee kidogo, kisha usukani ugeuzwe kulia na kushoto mpaka mwisho, ili ionekane kwamba waya hauvutwi wala haubanwi.

Tano, nyaya za kuwashia plagi, na za kompyuta ya injini katika pikipiki zilizo nayo, zisiguswe kabisa. Umeme wa kuiamuru rilei waweza kuchukuliwa katika waya wa taa ya nyuma, mradi taa hiyo hupata umeme wake kutoka betri.

Pikipiki za umeme, ambazo zimeanza kuonekana katika miji ya Kenya, zina sheria nyingine. Betri zake kubwa huwa na volti 48, 60 au 72, na tundu la volti 12 likiungwa hapo litaungua mara moja. Tena betri hizo ni za lithiamu, na moto wake ni mgumu kuzimwa. Mwenye pikipiki ya namna hiyo asikate waya wowote. Na amwendee aliyemuuzia.

KIPIMO CHA MWISHO

Kazi ikiisha, isihukumiwe kwa kuwa taa imewaka. Ihukumiwe kwa mita, ambayo mafundi wengi wanayo. Betri iliyojaa na kutulia kwa saa kadhaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikizunguka kwa mwendo wa kati, mita huonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisha viwashwe vitu vyote kwa pamoja: taa zote, simu na redio. Mita ikibaki juu ya volti 13, mapato yanashinda matumizi. Ikishuka chini ya 12.6, betri inaliwa, na lazima kitu kimoja kiondolewe. Baada ya robo saa nyaya zishikwe kwa mkono. Ulio moto ni mwembamba mno au una kiungo kibaya.

Mwenye pikipiki asiyejua kazi hii asione haya kumwuliza fundi maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Kitu hiki huvuta wati ngapi? Umeme wake unachukuliwa kabla ya ufunguo au baada yake? Fyuzi yake iko wapi, nayo ni ya ampea ngapi? Fundi wa kweli atajibu yote matatu, na fyuzi ataionyesha kwa kidole. Asiyeweza kuionyesha, na apewe shukrani kwa muda wake, na pikipiki ipelekwe kwa fundi mwingine.